Jinsi ya kupima rangi za vyungu vya Wainka bila mashine kukupoteza

Ukishika kigae cha mtungi wa Wainka, wale wa dola kubwa ya milima ya Andes, Amerika Kusini, kutoka mji wao mkuu Cusco au pembeni ya Ziwa Titicaca utaona rangi tatu nne tu, damu ya mzee, nyeusi, nyeupe ya krimu, na pengine chungwa au zambarau iliyofifia, na wengi wanadhani kazi ni nyepesi, unaweka mashine, inakuandikia jina la rangi, umemaliza. Sio hivo kabisa. Zile rangi zilipakwa zikiwa tope, afu zikaingia motoni, afu zikalala ardhini karibu miaka mia tano, kwa hiyo mashine inakusomea kile kilichotoka motoni pamoja na kile ardhi ilichoongeza, haikusomei kile fundi alichochovya kwenye bakuli lake. Mtu akilishika hilo moja tangu mwanzo, kila kipimo kinachofuata kinakuwa na maana. Asipolishika anaweza kuwa na mashine ya mamilioni na bado akaandika ripoti ya uongo bila kujua.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa akiolojia au kemia, mtu wa maabara, au mtu wa makumbusho aliyeletewa vipande na kuambiwa "tuambie rangi hizi ni nini". Nitakwenda kwa mpangilio ambao naamini ndo sahihi: chombo, moto, macho, mashine zisizogusa, na sampuli mwisho kabisa.

Kijue chombo kabla ya rangi

Chombo maarufu cha Wainka ni ule mtungi mkubwa ambao vitabu vinauita aríbalo, Wakechua wanauita urpu: shingo ndefu, mdomo uliopanuka, tumbo kubwa, kitako kilichochongoka, mikono miwili chini ubavuni, na kichwa kidogo cha mnyama kimebandikwa juu ya tumbo ambapo kamba ilipita mtu akibeba mgongoni. Ulibeba chicha, pombe ya mahindi, na chicha kwa Wainka ilikuwa siasa, maana dola ililisha na kunywesha watu waliokuja kuifanyia kazi. Kwa hiyo mitungi hii ilitengenezwa kwa wingi na kwa sura inayofanana, kuanzia Ekwado mpaka kaskazini-magharibi ya Argentina na Chile ya kati. Mwanaakiolojia John Rowe mwaka 1944 aligawa michoro ya Cusco kwenye makundi ambayo mpaka leo watu wanayatumia, kundi A lenye mistari inayofanana na majani ya jimbi, na kundi B lenye misusuru ya almasi na pembetatu.

Hapo ndo swali tamu la rangi linapozaliwa. Dola ilihamisha watu, wale mitmaqkuna, ikawapeleka mbali na kwao, na tunajua kwa mfano kwamba mfalme wa Wainka Huayna Capac aliweka wafumaji na wafinyanzi Milliraya, upande wa kaskazini wa Ziwa Titicaca. Sasa mtungi wenye sura ya Cusco uliokutwa mamia ya kilomita kutoka Cusco, je ulisafirishwa, au ulifinyangwa palepale na watu waliofundishwa mchoro, wakatumia udongo na ngeu (udongo wa rangi wenye chuma) ya hapohapo? Macho hayawezi kujibu hilo. Rangi zinaweza kusaidia kulijibu, ndo maana inafaa kuumiza kichwa.

Jambo la kisheria nalo ni muhimu, usilipite haraka. Peru ina sheria namba 28296 ya mwaka 2004 inayolinda urithi wa taifa, na kukata hata punje ya rangi au kuipeleka nje ya nchi kunahitaji ruhusa ya Wizara ya Utamaduni. Vitu vya Machu Picchu, mji wa Wainka, ambavyo Mmarekani Hiram Bingham alivichimba 1912 na kuvipeleka chuo kikuu cha Yale vilirudi Cusco kati ya 2011 na 2012, vipo kwenye makumbusho ya Casa Concha, na ilichukua ugomvi wa miaka mingi kuvirudisha. Kigae kikiletwa kwako bila karatasi za kuonyesha kilikotoka, usikipime. Ukikipima unakipa cheti, na cheti hicho ndo muuzaji wa vitu vya wizi anachokitafuta.

Uelewe moto

Hii ndo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote, kwasababu mashine zitakupa majina ya elementi na madini lakini ni moto unaokuambia yana maana gani.

Anza na nyekundu. Karibu kila wekundu kwenye vyungu vya Wainka ni hematiti, yaani oksidi ya chuma, kitu kilekile kilichomo kwenye ngeu na kutu. Lakini fundi si lazima alipaka hematiti. Angeweza kupaka udongo wa njano wenye goethaiti, na goethaiti ikifika kama nyuzi 250 mpaka 300 za Selsiasi inapoteza maji yake na kuwa hematiti. Kwa hiyo unapokuta hematiti kwenye kigae huwezi kuandika "walitumia ngeu nyekundu", unaandika "rangi yenye chuma, sasa ni hematiti". Punje zikiwa ndogo sana rangi inawaka kuelekea chungwa, zikiwa kubwa inakwenda zambarau, kwa hiyo ile zambarau iliyofifia inaweza kuwa hematiti hiyohiyo yenye punje kubwa na si madini mengine.

Nyeusi ndo yenye mtego. Kuna njia tatu za kupata weusi kwenye chungu. Ya kwanza ni kaboni, mkaa au masizi. Ya pili ni chuma kilichonyimwa hewa motoni kikawa magnetaiti. Ya tatu ni manganizi. Sasa fikiria mtungi mmoja una nyekundu na nyeusi upande kwa upande na ulichomwa mara moja tu. Ili nyekundu ibaki nyekundu, moto lazima upate hewa ya kutosha mwishoni. Hewa hiyohiyo ingeuunguza mkaa ukaisha, na magnetaiti ingeelekea kurudi kuwa hematiti. Manganizi haijali, iwe hewa ipo au haipo inabaki nyeusi au kahawia iliyokolea. Ndo maana kwenye mitungi ya rangi nyingi unategemea kukuta manganizi, mara nyingi ikiwa na chuma ndani yake, na ukikuta kaboni tupu juu ya mchoro jiulize kwanza kama ni masizi ya jikoni au mtu alipaka baadaye. Vyungu vyeusi tii vya pwani ya kaskazini ya Peru, vile vya watu wa Chimú na vya Chimú-Inka, ni habari nyingine, vile vilinyimwa hewa makusudi na vikamezwa na moshi chombo kizima.

Afu manganizi ina faida ya ziada, inahifadhi kumbukumbu ya joto. Pairolusaiti, ambayo ni oksidi ya manganizi inayopatikana sana ardhini, ikipita nyuzi 550 mpaka 600 hivi inaanza kugeuka biksbaiti, na ikipanda karibu na 950 inageuka hausmanaiti. Kukiwa na chuma cha kutosha na joto kubwa unaweza kupata jakobsaiti. Kwa hiyo aina ya oksidi inakuambia kitu kuhusu moto, na Wainka kwa kawaida walichoma wazi bila tanuri la kufungwa, kwa nyasi za ichu na samadi kavu ya llama, moto ambao joto lake linapishana hata ndani ya mtungi mmoja. Wafinyanzi wanawake wa Kikisi kule Ikombe pembeni ya Ziwa Nyasa nao wanachoma wazi, na aliyewahi kuona vyungu vyao anajua chungu kimoja kinaweza kutoka na upande mwekundu na upande wenye baka jeusi pale kuni zilipokigusa. Baka kama hilo kwenye mtungi wa Cusco si rangi, usilipime kama rangi.

Nyeupe na krimu: inaweza kuwa kaolini, udongo wenye chokaa, jasi, au mfupa uliosagwa. Kaolini ikipita nyuzi 500 na kitu inavunjika mpangilio wake wa ndani na baada ya hapo mashine nyingi zinaiona kama ukungu, haina alama kali. Kalsaiti inaanza kuvunjika kuanzia kama 700 mpaka 850, ikawa chokaa hai, na chokaa hai ikikaa kwenye unyevu na hewa inarudi kuwa kalsaiti tena. Umeona ugumu wake? Kalsaiti kwenye nyeupe inaweza kumaanisha moto ulikuwa mdogo, au chokaa ilijirudia, au maji ya ardhini yaliileta. Mfupa unajulikana kwa kuwa na fosforasi na kalsiamu pamoja.

La mwisho ni zingefuri, madini mekundu ya zebaki na salfa, ambayo Andes inayo kwa wingi, Huancavelica ni mgodi maarufu. Zingefuri inageuka mvuke kwenye nyuzi 580 hivi. Kwa hiyo ukiikuta kwenye chungu, ilipakwa baada ya kuchoma. Hilo halina mjadala.

Macho, taa na karatasi

Usiwashe mashine yoyote siku ya kwanza. Weka kigae mezani juu ya sponji, chukua lenzi ya mara 10, taa moja kali, na uilaze taa hiyo ubavuni karibu iguse meza ili mwanga upite juu ya uso kwa mshazari. Utaona mistari ya kokoto iliyotumika kusugulia uso ung'ae. Angalia mistari hiyo inapita juu ya rangi au chini yake. Kama rangi imesuguliwa pamoja na uso, ilipakwa kabla ya moto. Kama imekaa juu kama vumbi na inatoka kwa kuguswa na pamba kavu, kuna uwezekano ilipakwa baadaye, au ni ya juzi.

Afu geuza kigae uangalie pale kilipovunjika. Ukingo uliovunjika ni zawadi, unakuonyesha tabaka zote bila kukata chochote: udongo wa mwili wenye mchanga na vijiwe, juu yake tope laini lililopakwa kuficha mwili, juu yake rangi ya mchoro. Chora ulichokiona hata kama huwezi kuchora. Kisha zima taa zote uwashe taa ya urujuanimno (UV). Lakari ya shellac iliyotumika zamani kama gundi inawaka chungwa, rangi za ukarabati mara nyingi zinaonekana tofauti kabisa na jirani zake. Rangi ikiwa imevuka ufa na kuingia ndani ya ufa, mtu aliipaka baada ya chombo kuvunjika, pale usipime ukadhani unapima kazi ya Wainka.

Usioshe kigae kwa siki wala asidi yoyote ili "kisafike". Najua kuna sehemu walikuwa wanafanya hivo kutoa ganda jeupe la chumvi, ila asidi inakula kalsaiti, na kama nyeupe yako ni ya chokaa unaifuta historia kwa mkono wako mwenyewe. Brashi laini inatosha.

Piga picha yenye kadi ya rangi na rula, andika rangi kwa namba za chati ya Munsell badala ya kusema "nyekundu kiasi", kisha weka namba kwenye kila pointi utakayopima. Chagua angalau pointi tatu kwa kila rangi, afu (na hili watu wanaliruka sana) pointi tatu kwenye tope la chini, pointi tatu kwenye udongo mtupu, na kama kuna udongo wa pale kilipofukuliwa, upime na wenyewe.

XRF, ile bunduki

XRF ya mkononi ndo ileile bunduki ambayo watu wa migodini wanaijua, unaielekeza, inapiga eksirei, elementi zilizomo zinarudisha eksirei zao na kila moja ina namba yake. Haikati wala haichomi. Kwa vyungu tumia kama kilovolti 40 kwa elementi nzito, sekunde 60 mpaka 120 kwa pointi, afu rudia kwa kama kilovolti 15 bila filta kwa zile nyepesi. Ukiwa na heliamu itumie, maana hewa inameza mawimbi ya aluminiamu na silikoni. Sodiamu usiitegemee hapa. Shikilia bunduki kwenye stendi, uso wa kigae uwe bapa mbele yake, kwasababu kwenye tumbo la mtungi lililopinda umbali unabadilika na namba zinayumba.

Sasa mambo matatu yanayowaangusha watu.

La kwanza, rangi ni nyembamba, mara nyingi makumi machache ya maikromita, na eksirei zinapenya kupita hapo mpaka kwenye udongo. Kila pointi unayopima ni mchanganyiko wa rangi, tope na mwili. Kwa hiyo ile asilimia inayotokea kwenye skrini, "chuma 6.2", haina maana kwenye rangi, imepigiwa hesabu ya kitu kilicho sawasawa kuanzia juu mpaka chini. Usiiripoti. Linganisha: chuma cha pointi nyekundu dhidi ya chuma cha udongo mtupu, manganizi kwa chuma kwenye nyeusi dhidi ya manganizi kwa chuma kwenye mwili. Kwenye nyeusi, manganizi ikiruka juu una jibu karibu kamili. Chuma peke yake kikipanda, fikiria magnetaiti. Visipopanda vyote viwili, fikiria kaboni, ambayo bunduki hii haiioni kabisa.

La pili, vilele, ile milima kwenye mchoro wa mashine (spektra) ambayo kila elementi ina yake, vinapandana. Kilele kikuu cha manganizi kipo 5.90 na cha chuma 6.40 kwa kipimo cha kiloelektronivolti, lakini manganizi ina kilele cha pili kwenye 6.49, kinaingia moja kwa moja ubavuni mwa chuma. Kwenye nyeusi yenye manganizi nyingi softwea inaweza kukuongezea chuma ambacho hakipo. Angalia kilele cha pili cha chuma kwenye 7.06, hicho kipo huru. Mtego mwingine ni bariamu na titaniamu, 4.47 na 4.51, karibu hazitenganishiki kwa macho, na miamba ya manganizi mara nyingi inabeba bariamu. Kwa hiyo mtu anaona "titaniamu imepanda kwenye nyeusi" na kumbe ni bariamu ya manganizi. Arseniki na risasi nazo, 10.54 na 10.55. Softwea itakuchagulia mojawapo kwa kujiamini kabisa, wewe fungua spektra yenyewe utafute vilele vyao vya pili kabla ya kuamini.

La tatu ni chumvi na vumbi. Kigae cha Pachacamac karibu na bahari, kusini ya Lima, kitakuwa na klorini na salfa ambazo hazihusiani na mchoro. Ndo faida ya kupima udongo mtupu na udongo wa shimo.

Zebaki ikitokea, 9.99, simama. Rudi kwenye lenzi uangalie kama hiyo nyekundu ilipakwa baada ya moto.

Raman, kwa utaratibu

XRF inakupa elementi, Raman inakupa madini yenyewe, yaani haisemi "chuma" tu, inasema hematiti au magnetaiti. Unapiga leza kwenye punje moja chini ya maikroskopu na mwanga unaorudi unakuwa na vilele vya madini hayo. Vya kukariri kwa kazi hii, kwa kipimo cha cm⁻¹: hematiti 225, 292, 411, 612 na kilima kipana karibu na 1320. Goethaiti 385. Magnetaiti karibu 670. Kaboni vilima viwili, 1350 na 1590. Zingefuri 253 na 343. Kalsaiti 1086. Jasi 1008. Kwatzi 464. Anatasi, ambayo ni oksidi ya titaniamu, 144 na inapiga kelele hata ikiwa kidogo sana. Mfupa karibu 960.

Anza na nguvu ndogo ya leza, chini ya miliwati moja, na nasema hivi nikiwa namaanisha, kwasababu leza ni moto mwingine. Ukiipiga goethaiti kwa nguvu unaichoma palepale chini ya lenzi ikawa hematiti, na magnetaiti hivohivo inaungua ikawa hematiti. Unaondoka na spektra safi sana ya kitu ulichokitengeneza mwenyewe sekunde kumi zilizopita. Piga kwa nguvu ndogo kwa muda mrefu, rudia pointi ileile, na kama vilele vimehama kati ya mara ya kwanza na ya tatu, umeshaichoma, hamia punje nyingine upunguze nguvu.

Kuna kuchanganya kunakotokea sana. Kile kilima cha 1320 cha hematiti kipo jirani na 1350 ya kaboni, na nimeona watu wakitangaza mkaa kwenye rangi nyekundu. Kaboni lazima ije na mwenzake wa 1590, asipokuwepo hakuna kaboni. Vilevile hematiti iliyotoka kwenye moto wa chini au yenye mpangilio mbovu inaweza kutoa kilele karibu na 660 na mtu akasema magnetaiti. Oksidi za manganizi zenyewe zinatoa kilima dhaifu kipana karibu na 640 mpaka 660, zinaungua haraka, na nyingi zinafanana, kwa hiyo weka XRF pembeni, manganizi ikiwa juu kule na huku kuna kilima hicho dhaifu, umepata. Udongo wenyewe unaweza kung'aa kwa mwanga wake na kufunika kila kitu kama ukungu mweupe, badilisha leza, kutoka kijani ya nanomita 532 kwenda 785, au kinyume chake, moja itakubali.

Ukiruhusiwa kuchukua sampuli

Kama majibu yamepatikana bila kugusa, usichukue sampuli. Ukiihitaji, ichukue kwenye ukingo ambao tayari umevunjika, kipande kisichozidi nusu milimita, kwa ncha ya kisu cha upasuaji chini ya maikroskopu, baada ya picha, na pawe pameandikwa nani ameruhusu.

Punje hiyo unaizamisha kwenye rezini ikiwa imesimama wima, unasaga na kung'arisha mpaka tabaka zionekane, unaiingiza kwenye SEM, yaani maikroskopu ya elektroni. Hapa ndo raha, unaona kwa mara ya kwanza rangi ikiwa peke yake, imetenganishwa na udongo, na kile kipimo cha elementi kilichomo kwenye SEM kinakupa namba za tabaka la rangi lenyewe, sio ule mchanganyiko wa XRF. Pima unene, angalia kama rangi imeshikana na tope la chini kwa kuyeyukiana kidogo pale zinapokutana, hilo ni ushahidi mzuri kwamba ziliungua pamoja. Kumbuka tu kama umepaka sampuli kaboni ili ipitishe umeme, basi huwezi tena kuzungumzia kaboni kwenye ripoti. Mwenye swali la mkaa apake dhahabu au atumie hali ya ombwe hafifu (low vacuum).

Eksirei ya kupima fuwele, yaani XRD, inakwenda vizuri kwenye manganizi pale Raman inaposhindwa, na inakutenganishia biksbaiti na hausmanaiti, kwa hiyo inakupa ule ushahidi wa joto. Ukitumia mirija ya shaba chuma kinatoa eksirei zake na kuinua mstari wa chini wote, mirija ya kobalti inaondoa tatizo hilo kwa chuma, ila manganizi bado inatoa zake.

Kuhusu swali la wapi rangi ilitoka, hapo unahitaji elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana, na unahitaji ngeu na miamba ya manganizi kutoka maeneo yanayoshukiwa upime kwa mashine ileile. Bila hizo, kufanana kwa vigae viwili kunakuambia vinafanana, basi. Udongo wa mwili kwa kawaida unajibu swali la asili vizuri kuliko rangi, maana rangi ni nyepesi kubeba, kifuko kimoja cha ngeu kinatembea na llama mlima mpaka mlima lakini hakuna mtu wa kubeba tani za udongo.

Titaniamu, tafadhali taratibu

Nimelitenga hili kwasababu linaharibu sifa za vitu halali. Nyeupe ya titaniamu ya kiwandani ilianza kuuzwa miaka ya 1920 kuja juu, kwa hiyo sheria ya haraka ya kukamata vitu feki ni kwamba ukiiona titaniamu kwenye nyeupe, kitu ni kipya. Kwa Andes sheria hiyo haitoshi. Anatasi kidogo ipo kwenye udongo mwingi wa kaolini kwa asili. Na zaidi, kwenye qero, vile vikombe vya mbao vya Wainka na vya enzi ya ukoloni, nyeupe yenye titaniamu imethibitishwa kuwa ya asili na inahusishwa na machimbo ya Giacopampa, kusini ya Peru. Kwa hiyo angalia punje: ya kiwandani ni laini, sawasawa, safi, ya asili imechanganyika na silika na ukubwa wake hauna mpangilio. Zinki nyingi, kromiamu au kadmiamu vikija pamoja na titaniamu, hapo una sababu ya kushuku duka la rangi.

Na usichukue orodha ya rangi za qero ukaipeleka kwenye mtungi. Qero haikupita motoni, rangi zake zimeshikwa na utomvu wa mopa mopa, kwa hiyo unakuta zingefuri, madini ya njano ya arseniki, hata nili ya mmea. Kwenye mtungi uliochomwa nili ingeungua yote.

Jitengenezee vigae vyako

Kabla hujagusa hata kigae kimoja cha kale, tengeneza vyako. Chukua udongo mfinyanzi wa kawaida, kata vipande vya sentimita tano, paka juu yake ngeu nyekundu, udongo wa njano, kaolini (aliyepo Dar ana ya Pugu karibu), mkaa uliosagwa, na unga wa manganizi kutoka kwa wauza vifaa vya wafinyanzi. Vaa barakoa, vumbi la manganizi na la silika ni baya kwa mapafu. Vingine vichome kwenye tanuri la umeme kwa nyuzi 600, 700, 800 na 900, vingine kwenye moto wa wazi wa nyasi na samadi, na vingine viache vibichi. Utaona njano inatoka nyekundu na mkaa unapotea kabisa mahali pamebaki peupe. Manganizi inabaki imesimama. Afu pima vyote kwa mashine zilezile na mipangilio ileile utakayotumia kwenye vya kale, hivyo ndo kamusi yako, na ni bora kuliko maktaba ya spektra ya kwenye softwea ambayo imejaa madini safi ambayo hayajawahi kuona moto.

Ukifika kuandika, kila rangi ipate mstari wake unaotenganisha ulichokiona na unachokifikiria. Mfano: "Nyeusi, pointi 7 mpaka 9. XRF: manganizi imepanda sana kuliko kwenye mwili, bariamu ipo, chuma kimepanda kidogo. Raman: kilima dhaifu karibu na 650, hakuna 1590. Mistari ya kusugua inapita juu ya rangi. Tafsiri: oksidi za manganizi zenye chuma, zilipakwa kabla ya kuchoma, moto ulikuwa na hewa mwishoni." Mtu mwingine akisoma hapo anaweza kukubishia tafsiri bila kupoteza vipimo vyako. Afu hifadhi mafaili ghafi ya spektra zote, sio picha za skrini, pamoja na nguvu ya leza, kilovolti, sekunde na namba ya pointi, na nakala moja ibaki kwenye makumbusho yenye kigae, kwasababu atakayekuja kukipima tena miaka 20 ijayo ataanzia hapo.